Namba za Weusi

Kimefika kwa basi la usiku kutoka Dar,
kimefungwa ndani ya soksi ya mtoto:
kipimarangi, kipana kidogo kuliko kifuniko cha chai,
na mkia wa waya, na sponji tumboni.
Muuzaji aliapa: "Kimetumika mara mbili tu, dada."
Mara mbili. Sponji imelika kama kandambili za msikitini.

Sibishani naye. Nakipima.
Mpimaji naye apimwe.

Kwanza skrini ipate moto nusu saa.
Dakika ya ishirini na sita, Mabatini nzima, giza.
Umeme unarudi saa nne usiku, naanza upya,
dirisha nimeliziba kwa kanga mbili na gunia,
maana taa ya baa ya jirani ni zambarau
na haibishi hodi.

Nakitundika, kinaning'inia kiooni kama mjusi aliyeshiba.
Nyeupe: mara tano, namba tano,
zimekaa pamoja kama ndugu kwenye benchi la Bugando.
Nyekundu, sawa.
Kijani kinavutwa kidogo na njano,
kosa la moja nukta mbili,
mteja halioni hata umlipe.
Buluu
imeruka. Nne nzima.
Narudia: nne. Nakivua, nakigeuza,
na pale, kwenye kijitundu chake,
kidudu cha ziwani, wa lile wingu la mwezi mwandamo,
amekauka, mbawa wazi.
Kumbe nilikuwa nampima yeye.

Nampuliza. Buluu inarudi nyumbani.

Majura, anayechapa maboksi ya minofu ya sangara kule Igogo,
ameniazima cha kiwandani, cha bei ya pikipiki,
mpaka alfajiri, bosi asijue.
Naviweka kwa zamu mahali pamoja.
Kwenye nyeupe vinasalimiana.
Kwenye kijivu vinasalimiana, kwa mbali.
Nashuka: mawe ya mlimani yakinyeshewa,
kahawa, masimbi ya kahawa,
kisha chini ya masimbi,
na hapo cha bei ya pikipiki kinaanza kutetemeka,
namba zinarukaruka kama mafuta yenye maji,
kila kipimo na jibu lake.
Hiki cha ndani ya soksi kinanyamaza.
Sekunde kumi. Ishirini. Nadhani kimekufa.
Kisha kinatoa namba.
Narudia. Kinanyamaza. Kinatoa ileile.

Naketi na jambo hilo kitambo.

Maana mwezi uliopita Kwilasa alirudisha picha ya marehemu mama yake,
Bi Nyamisana, muuza dagaa wa Kirumba,
akailaza kifudifudi kaunta, akasema taratibu:
"Umenipa mama wa jivu."
Skrini ilikuwa imenionyesha shavu lenye damu,
karatasi ikatoa vumbi,
nami nikaulaumu wino, nikailaumu karatasi,
nikamlaumu hata aliyepiga.

Weupe wa shuka kila mashine inaujua.
Nani aliyekaa mezani akaunda mashine
kwa ajili ya shavu la Nyamisana,
lile jeusi lenye wekundu kwa ndani,
kaa la moto lililofukiwa usiku?

Saa kumi na moja. Jogoo wa bondeni, feni, na mimi.
Naandika kwenye daftari:
Nyeupe, kinafaa. Kijani, kivumiliwe.
Buluu, kifutwe kwanza.
Weusi: kisubiriwe.

Nachapa upya. Natoka nayo mlangoni,
mwanga wa mlangoni hauna mita,
na ziwa liko kule chini, rangi ya risasi, halijaamua.
Kwilasa anapita akienda kazini,
anaishika picha kwa ncha, anaisogeza, anairudisha,
anapeleka kidole karibu na shavu bila kuligusa.
"Hapa," anasema.
Kisha anaanza kutafuta hela mfukoni,
mfuko huu, mfuko ule,
kwa muda mrefu kuliko hela inavyohitaji.